Wimbo Usio na Mlango

Juzi nilikuwa napita mtaa wa magereji hapa Arua, mtoto mgongoni, kapu la mihogo kichwani, hasira zangu za kila siku zikiwa mahali pake, nikasikia mwanamke anaimba Kijapani. Sitanii. Fundi mmoja alikuwa amelala chini ya gari lililotoka Mombasa wiki ile ile, milango yote wazi, na ndani ya redio mlikuwa na kanda ambayo mwenye gari wa kwanza, huko kwao Japani, alisahau kuitoa. Nikasimama. Kapu likaanza kuniumiza shingo na bado nimesimama. Fundi akatoa kichwa, uso umejaa oili. "Mama, wewe nasikia hii lugha?" Nikamwambia sisikii hata neno moja, lakini subiri kidogo, sasa hivi kengele italia. Ikalia. Ngriii, ngriii, kama kengele ya baiskeli. Fundi alinitazama kana kwamba mimi ni mchawi, nami nikaondoka haraka kabla hajaona macho yangu.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulia barabarani. Kwa hiyo ngoja nikueleze.

Serikali ya akina baba ilipoanguka, watu wa Koboko walikimbia, na mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama. Nilirudi kwa miguu yangu mwenyewe, bila mama. Yaliyo katikati ni kambi, na kambi siisimulii. Anayeitaka aende akayaulize makaburi yake. Baba alikuwa askari, hakurudi kabisa, wala hatukuletewa habari ya kusema yuko hai au amekufa. Tulirudi wawili, mimi na dada yangu aliyenizidi miaka minne, tukapelekwa kwa haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Nyumba yake ilikuwa kuta tu. Paa lilichukuliwa na watu ambao baadaye tulikuwa tunawasalimia sokoni, na wao wakituitikia vizuri sana.

Sitakudanganya kwamba tulikuwa na raha. Lakini asubuhi zilikuwepo. Kulikuwa na harufu ya kisra, ile mikate myembamba kama karatasi, haboba akiipaka kwa haraka juu ya bati la moto. Kulikuwa na majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim, na pampu ya maji iliyolia kama punda tangu alfajiri, na vidole vya haboba vyenye madoa mekundu na ya zambarau, kwa maana alisuka vifuniko vya chakula kwa majani yaliyotiwa rangi na kuviuza. Dada alimenya mihogo akiimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini haikukatika. Ilipita juu ya kelele za pampu ikaenda zake mpaka kwa majirani. Mimi nikijaribu kumwitikia, haboba ananikemea: "Wewe nyamaza, utaita mvua ya mawe." Sauti yangu ilikuwa ya kanga, yule ndege. Mpaka leo ni ya kanga.

Halafu mjomba akaja na pikapu. Huyu ni kaka yake marehemu mama, dereva wa siku nyingi, mtu wa kucheka kwa sauti na kusahau alichoahidi kabla kicheko hakijaisha. Pikapu ilikuwa nyeupe, imeandikwa mlangoni kwa zile herufi za Wajapani, kama nyumba ndogo zilizobomoka. Akafunga spika ya bati juu ya paa, akawa anazunguka siku za soko kutangaza chumvi, sabuni na samaki wakavu. Na ndani ya redio kulikuwa na kanda imekwama. Walijaribu kisu, walijaribu koleo, walijaribu kuomba Mungu. Haikutoka. Basi Koboko nzima ikazoea kununua chumvi kwa nyimbo za Japani.

Kanda hiyo ilikuwa na tabia yake. Upande wa kwanza waimbaji wanaimba. Ukiisha, redio inajigeuza yenyewe, na upande wa pili zinakuja nyimbo zile zile, gitaa zile zile, tarumbeta zile zile, ila waimbaji hawamo. Mjomba aliamini ni vumbi. Alisema vumbi letu la kiangazi limekula sauti upande ule, akaanza kuifunika redio kwa kitambaa kibichi kama mtoto mwenye homa. Jirani yetu, askari mzee aliyerudi bila cheo na bila meno, alisema waimbaji wamepewa likizo. Walibishana hilo kwa miezi. Dada ndiye aliyeketi ndani ya pikapu mchana mmoja, akasikiliza pande zote mbili, akatoka akisema, "Hawajapotea. Wametuachia nafasi sisi."

Hapo lazima ujue jambo moja la kwetu. Kwetu mtu mmoja haimbi wimbo. Harusini wanawake wanapiga doluka, ngoma yetu. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Usipoitikiwa, unaacha. Hakuna kubembeleza. Nimewaona wanawake wazima, dhahabu masikioni, wakiweka ngoma chini katikati ya wimbo na kwenda kuosha sufuria, kwa sababu watu walikaa kimya. Hakuna aliyewaonea huruma.

Dada akayameza yale maneno yote. Hakuna aliyejua maana yake, lakini kila neno lao linaishia mdomo wazi kama maneno yetu, ulimi hauhangaiki. Mimi kazi yangu ilikuwa kidole. Nilikaa ndani ya pikapu nikibonyeza kitufe cha kukimbiza kanda, nasikiliza inavyopiga miluzi, naachia mahali wimbo unapoanza. Nyimbo tulizipa majina wenyewe. Kulikuwa na wa Askari, wenye tarumbeta. Kulikuwa na wa Mvua, ulioanza kwa matone. Kulikuwa na wa Kengele. Na kulikuwa na wa Mwisho, wa polepole, mwanamke anaimba kana kwamba amesimama peke yake mahali pasipo na mti. Huo dada aliupenda kuliko yote. Aliuimba akichota maji, akaukatiza mtu akitokea.

Harusi ya kwanza ilikuwa hapo hapo Koboko. Mjomba alileta bibi harusi kwa pikapu, akaacha redio inaimba, na dada akachukua kipaza sauti bila kuomba ruhusa ya mtu. Akanipa ishara: wa Mwisho. Akauimba wote, vizuri, mpaka mimi ndani ya pikapu ngozi ikanisisimka. Watu wakaendelea kula. Mama mmoja mnene akauliza kwa sauti, paja la kuku mkononi, "Huyu mutoto nalia nini? Mutu gani amekufa?" Wakacheka. Dada akaweka kipaza sauti chini, akaja akakaa karibu yangu. Kisha akachungulia dirishani, akawatazama muda mrefu. Hakutazama nyuso. Alitazama miguu.

"Weka ya Askari," akaniambia.

Tarumbeta zilipolia, wale wazee wote waliokuwa jeshini, waliorudi kutoka uhamishoni bila bunduki, bila buti, bila pensheni, waliinuka kutoka mikekani. Jirani yetu asiye na meno alipiga saluti. Dada akaimba maneno ya Kijapani, na kila alipofika mahali tarumbeta zinaponyamaza, wazee wakajaza kwa miguu: pu! pu! pu! Wanawake wakapiga vigelegele. Yule mama mnene aliangusha kuku wake. Wimbo ulirudiwa mpaka kidole changu kikauma.

Njiani kurudi dada alikuwa amepata akili ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Akasema, "Wimbo lazima iko na mlango, watu waingie. Ile yangu haina." Tangu siku hiyo hakuchagua tena wimbo kwa kuupenda. Kabla ya kushika kipaza sauti alizunguka kwanza, anasaidia kubeba maji, anakaa na wapishi, anatazama miguu ya watu inavyotulia na inavyohangaika. Halafu anakuja dirishani na jina moja tu. Hakukosea. Ediofe, kwa watu wa kanisa kubwa waliozoea kwaya, alitaka wa Mvua, kwa sababu una mahali pa kuguna kwa midomo iliyofungwa, na wale wanaguna kwa sauti nne bila kufundishwa. Ayivu, kwa wakulima, harusi ilijaa baiskeli zimeegemezwa kwenye kila ukuta na kila mgomba. Akasema wa Kengele. Kengele ya kwanza ilipolia kwenye spika, mzee mmoja akapiga ya kwake kwa mzaha. Ya pili ilipofika, uwanja mzima ulikuwa umekimbilia baiskeli. Sijapata kusikia kitu kama kile tena. Wajapani wanauliza, Ayivu inajibu. Watu walilia kwa kucheka. Kulikuwa na vumbi, pombe ya mtama, nyama inaungua kwa sababu mpishi naye anapiga kengele, na dada yangu juu ya pikapu na gauni lake moja, mikono juu, anawangoja waitikie, na wanaitikia.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Dada alikuwa amemaliza la saba kwa alama nzuri. Alitaka sekondari. Alitaka kuwa mwalimu, na ninakuambia angekuwa mwalimu, mtu anayesoma darasa kwa kutazama miguu. Mjomba aliahidi mbele ya haboba, mkono kifuani: harusi zikienda vizuri, utasoma. Harusi zikaenda vizuri. Pikapu ikawa inaitwa kila wiki ya kiangazi, Koboko, Arua, mpaka ng'ambo kwa Wakongo. Na kila dada alipochagua vizuri zaidi, mjomba alizidi kumhitaji. "Muhula ujao, mtoto yangu. Watu wa Arua wamesha kukuita." Muhula ujao ukawa mwaka ujao. Kidole kingeweza kupatikana popote, sauti hapana. Basi mimi nilipomaliza la saba, aliyepelekwa shule ya bweni Arua ni mimi, mwenye sauti ya kanga. Dada ndiye aliyenifungia sanduku. Alikunja sare yangu polepole, akaipitishia mkono, akasema, "Wewe soma ya sisi wawili." Haboba aligeukia ukuta na vifuniko vyake.

Unaona mtego huo? Nimeufikiria miaka yote hii nikiosha nepi, na bado sipati mahali pa kuukata. Angechagua vibaya, angeimba wa Mwisho kila harusi, watu wangemfukuza naye angekwenda shule. Alikuwa hodari, ndiyo maana akabaki. Watu wananiambia, mshukuru mjomba wako, alikusomesha. Mjomba hakunisomesha. Nilisomeshwa na koo la dada yangu.

Nikiwa sinia ya nne, yaani kidato cha nne, barabara ya Koboko ikaharibika. Unakumbuka wakati ule, vijana walipoingia tena porini na bunduki, wakisema wanatupigania sisi. Mchana mweupe pikapu ilikuwa inakwenda harusini Arua: mjomba usukani, dada pembeni, nyuma mashangazi wa bwana harusi na sufuria zao. Vijana wakatoka kwenye nyasi. Wanaongea lugha yetu. Wengine wana mabuti ya mpira, wengine miguu mitupu. Wakawashusha wote, wakawapanga barabarani. Mmoja akasikia redio inavyolia, ule upande usio na sauti, akauliza, "Iko nini hii, wimbo bila mutu?" Mjomba akamsukuma dada mbele. "Huyu ndiye mutu yake." Wakacheka. Wakasema, basi aimbe, na akiimba vizuri wataona la kufanya.

Shangazi mmoja ndiye aliyetusimulia, dada hakusimulia. Alisema mjomba alikuwa ananong'ona kama mgonjwa: "Ya Askari. Weka ya Askari." Kila mtu alijua ndiyo yenyewe. Vijana wale wangepiga miguu, wangepiga risasi hewani, wangecheza, pengine wangewaachia gari na kuwasindikiza mpaka mjini. Dada aliwatazama miguu. Akainama ndani ya pikapu, akabonyeza mwenyewe, akasimama barabarani mikono chini, akaimba wa Mwisho.

Shangazi alisema hakuna aliyecheza. Hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Kijana mmoja aliketi chini vumbini akatazama nyasi. Wimbo ulipoisha mkubwa wao akasema, "Nendeni. Tembeeni, musiangalie nyuma." Wakatembea. Nyuma wakasikia pikapu inawashwa na kugeuzwa. Hakuna aliyeguswa. Watu wote wale walifika wakiwa hai, na sufuria zao.

Na unajua mjomba alisema nini? Alifika kwa haboba, akaketi, akanywa maji, akasema, "Huyu mtoto amenimaliza. Angeimba ya Askari, gari yangu iko hapa." Hilo ndilo lililobaki. Koboko nzima ilikubaliana kwamba dada, ambaye hakuwahi kukosea, alikosea siku moja iliyokuwa na maana. Wanalisema mpaka leo kwenye vikao vya kahawa. Hakuna hata shangazi mmoja aliyesimama kusema, mimi ninapumua.

Nilimuuliza mara moja tu, likizo ile. Tulikuwa tunatwanga mtama, yeye mchi, mimi mchi. Nikamwambia, dada, kwa nini wa Mwisho? Akatwanga kwanza. Akasema, "Sikutaka waingie."

Pikapu waliichoma baadaye, kando ya barabara ile ile, na kanda ndani yake. Ada ikaisha pamoja nayo. Nilifanya mtihani wa sinia ya nne na hapo ndipo shule yangu ilipokomea, ya sisi wawili. Haboba alifariki mvua zilipoanza. Kabla ya kiangazi mjomba alimwoza dada kwa mkulima wa Lurujo, mtu asiye mbaya, asiye mzuri, ambaye hapendi kelele. Jirani asiye na meno naye kafa. Harusi siku hizi zinakodi mashine kubwa na kijana mwenye miwani ya jua. Watu wanaelekezwa wacheze, hakuna anayeulizwa chochote, na kama hukuitikia mashine inaendelea tu. Wale vijana wa porini wengi wamesharudi, wamepewa mablanketi na majembe, na mmoja wao nadhani namwona kila siku kwenye foleni ya kisima. Baba ya mtoto wangu amekwenda Kongo kutafuta. Anatafuta mpaka sasa.

Basi baada ya fundi yule sikulala na kitu kile kifuani. Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda gari la Koboko, kisha baiskeli ya kukodi mpaka Lurujo. Pale ilipochomwa pikapu hapana kitu tena. Hata chuma wameshauza.

Dada alikuwa uani anamenya mihogo. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne, wala si ishirini, lakini mgeni angedhani ni mama yangu. Akampokea mtoto, akamshika vidole vya miguu, kimoja kimoja, akamrudisha. Tukaongea habari za mvua. Baiskeli ya shemeji iliegemea ukuta, kengele yake ilishang'oka zamani. Nikamwambia, dada, jana nimesikia wa Kengele. Akasema, "Kweli?" na kisu hakikusimama. Nikamwambia ngoja, nikukumbushe. Nikaanza kuimba, kwa sauti yangu hii hii, na kuku wakakimbia, na mtoto akanishangaa. Nikafika mahali pa kuitikia. Nikanyamaza, nikangoja, kama yeye alivyokuwa akiwangoja watu wa Ayivu.

Kisu kilikuwa kinakwenda juu ya mhogo. Ganda refu likashuka mpaka chini.

"Ule wimbo iko ya watu mingi," akasema, bila kuinua macho. "Sisi iko wawili tu."

Sikuendelea. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu kingine, nikaanza kumenya.